Skonzi za Msalaba za Ijumaa Kuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vipimo vyote hapa ni vya skonzi 12, kila moja ikiwa na gramu 95 hadi 100 kabla ya kuokwa. Kama una nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma lile la kuumuka. Skonzi nyingi zinazoharibika hazikukosewa vipimo bali ziliharakishwa.

Skonzi za msalaba ni zipi, na zilitoka wapi?

Ni skonzi za hamira zenye maziwa, siagi, viungo na zabibu kavu. Juu huchorwa msalaba kwa rojo la unga, na zikitoka ovenini hupakwa shira. Pasaka ikikaribia utaziona kwenye maduka makubwa ya Nairobi na Mombasa kwa jina la hot cross buns. Asili yake ni Uingereza, ambako huliwa hasa Ijumaa Kuu. Kanisa Kuu la St Albans, kaskazini ya London, husimulia kwamba mwaka 1361 mtawa aitwaye Thomas Rocliffe aliwagawia maskini mikate ya namna hiyo siku hiyo. Msalaba wa skonzi za huko hadi leo hukatwa kwa kisu, hauchorwi. Mwaka 1592 wenye mamlaka ya masoko London walikataza mikate ya viungo isiuzwe, isipokuwa Ijumaa Kuu, Krismasi na kwenye mazishi. Kufikia 1733 wito wa wachuuzi wake ulikuwa umeshachapishwa kwenye almanaka.

Vipimo kamili ni vipi?

Kwa donge:

- unga mweupe wa ngano gramu 500
- maziwa mililita 270, na mengine 20 yakae pembeni
- yai 1 kubwa
- siagi laini gramu 60
- sukari gramu 75
- hamira kavu gramu 8 (vijiko viwili na nusu vya chai)
- chumvi gramu 8 (kijiko cha chai kimoja na theluthi)
- mdalasini wa unga vijiko 2 vya chai, kungumanga nusu kijiko, tangawizi ya unga nusu kijiko, karafuu ya unga robo kijiko
- zabibu kavu gramu 150
- maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa sukari gramu 50, pamoja na ganda bichi la chungwa 1 lililokunwa

Kwa msalaba: unga gramu 75, maji mililita 70 hadi 80, mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chai.

Kwa shira: sukari gramu 50 na maji mililita 50.

Sina mizani. Nitumie kikombe?

Unaweza. Gramu 500 za unga ni takriban vikombe 4 vya mililita 250, unga ukiwa umemiminwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu. Tatizo ni kuchota moja kwa moja mfukoni. Kikombe kilichoshindiliwa hufika gramu 160, kwa hiyo vikombe vinne vinakupa gramu 140 za ziada na donge gumu ambalo halitapanda. Mizani ndogo ya jikoni ndicho kifaa cha kwanza tunachomshauri mtu anunue, kabla ya mashine na kabla ya trei nzuri.

Nitumie unga gani?

Angalia jedwali la virutubisho nyuma ya pakiti. Unga wenye protini gramu 11 au zaidi kwa kila gramu 100 unafaa, na ukifika 12 ni bora. Protini ndiyo inayojenga gluteni, na gluteni ndiyo inayobeba uzito wa zabibu na siagi. Unga laini wa keki, wenye protini 9 au chini yake, hutoa skonzi zinazotanuka pembeni badala ya kupanda juu.

Usitumie unga uliotiwa poda ya kuokea kiwandani. Poda hiyo hufanya kazi yake mapema na kumaliza nguvu wakati hamira bado inahitaji saa nzima, na mara nyingi huacha ladha ya magadi. Unga wa atta unaweza kuchukua nafasi ya gramu 100 kati ya zile 500, ila ongeza maziwa mililita 15 hadi 20 kwa sababu pumba hunywa maji zaidi.

Nitajuaje kama hamira yangu bado hai?

Chukua mililita 100 kati ya maziwa yako yakiwa vuguvugu, nyuzi 35 hadi 38 (ukitia kidole husikii joto wala baridi), koroga na kijiko cha chai cha sukari na hamira yote. Ndani ya dakika 10 juu patakuwa na povu zito. Kama kuna vitundu vichache tu vinavyoelea, hamira imechoka. Itupe, maana kuongeza hamira iliyokufa hakusaidii kitu. Hamira ya punje kubwa lazima iloweshwe hivi. Ya chenga ndogo inaweza kuchanganywa moja kwa moja na unga mkavu, lakini kama pakiti ilishafunguliwa na ikakaa kabatini kwa wiki kadhaa, ijaribu. Pakiti iliyofunguliwa ikunje vizuri na uiweke kwenye friji ndani ya chombo kinachofunga.

Kinachoua hamira nyumbani mara nyingi ni maziwa ya moto. Kuanzia nyuzi 55 inaanza kufa.

Maziwa fresh au ya pakiti?

Yote yanafaa. Ya kutoka kwa mfugaji au muuzaji wa mtaani lazima yachemke kabisa, kwanza kwa ajili ya usalama, na pili kwa sababu protini za maziwa ambayo hayakuchemshwa hulegeza donge. Yapime baada ya kuchemka, si kabla, maana yanapungua jikoni. Malai yaliyoganda juu yarudishie humo humo. Kisha subiri yapoe.

Kwenye joto la pwani usitumie maziwa vuguvugu. Mkono na hewa vitalipasha donge vya kutosha. Anza na maziwa ya baridi kutoka kwenye friji, ukilenga donge lililokamilika liwe na nyuzi 26 hadi 28. Hamira unayotaka kuijaribu ijaribu kwenye maziwa vuguvugu kidogo, yaliyobaki yawe baridi.

Viungo gani ni vya lazima? Naweza kutia iliki?

Mdalasini ndio mhimili. Kungumanga huleta harufu ile inayomfanya mtu ajue ni skonzi ya msalaba hata akiwa amefumba macho, na karafuu huimarisha kutoka nyuma. Mchanganyiko wa Kiingereza mara nyingi huwa pia na mbegu za giligilani zilizosagwa. Nusu kijiko cha chai kinatosha, na kinaleta harufu ya limau ambayo watu hushindwa kuitaja.

Iliki inafaa sana. Weka nusu kijiko cha chai iliyosagwa upya mahali pa kungumanga, au robo kijiko pamoja nayo. Ukizidisha, kila mtu atadhani anakula mahamri.

Viungo vizima ulivyonunua sokoni Darajani au Kariakoo na kuvisaga siku hiyo vina nguvu mara mbili ya vile vya kichupa kilichokaa mwaka mzima, kwa hiyo kwa karafuu uliyoisaga siku hiyo anza na nusu ya kipimo. Hili si suala la ladha tu. Mafuta ya mdalasini na ya karafuu hupunguza kasi ya hamira. Mtu anayemwaga vijiko vinne vya mdalasini akitaka skonzi zinukie hupata donge lililokaa saa mbili bila kusogea, halafu analaumu hamira. Ukitaka harufu zaidi bila kulizuia donge, tia kipande cha mdalasini na karafuu mbili kwenye shira.

Masala ya chai yanaweza kutumika, vijiko viwili vya chai, lakini soma pakiti kwanza. Yakiwa na pilipili manga nyingi, skonzi zitawasha koo. Masala ya pilau usiyaguse, bizari nyembamba haina kazi hapa.

Kwa nini zabibu ziloweshwe?

Zabibu kavu ikiingia donge ilivyo, inavuta maji kutoka kwenye unga ulioizunguka. Skonzi inakauka mapema, na zabibu zilizo juu zinaungua zikawa chungu. Ziloweshe kwa chai nzito ya moto isiyo na maziwa, au juisi ya chungwa iliyopashwa, dakika 30. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaporuka hatua, zimwage kwenye chujio na uzikaushe kwa kitambaa mpaka zisiache alama ya maji. Zabibu zinazochuruzika zitalifanya donge liteleze na ulazimike kuongeza unga.

Maganda ya chungwa yaliyopikwa siyaoni dukani. Nifanyeje?

Tengeneza mwenyewe. Machungwa yetu, hata yale ya Muheza yenye ganda la kijani, yana mafuta mazuri. Chukua maganda ya machungwa 2, yakate vipande virefu vyembamba, yachemshe dakika 10, mwaga maji, rudia mara ya pili kwa maji mapya. Uchungu mwingi huondoka na maji hayo. Kisha yapike kwa moto mdogo na sukari gramu 100 na maji mililita 100 kwa dakika 30 hivi, mpaka yaonekane yanapitisha mwanga. Yatandaze yapoe, uyakate vipande vidogo. Shira iliyobaki sufuriani usiitupe, ndiyo utakayopaka skonzi.

Ganda bichi likune sehemu ya nje tu yenye rangi. Ile nyeupe ni chungu.

Nakanda vipi, na kwa muda gani?

Changanya unga, sukari, viungo na hamira. Tia maziwa na yai, koroga mpaka usione unga mkavu, funika, acha dakika 20. Katika muda huo unga unakunywa maji na gluteni inaanza kujijenga yenyewe, kazi ya mkono inapungua. Tia chumvi na uanze kukanda. Baada ya dakika 5 ongeza siagi kipande kwa kipande. Donge litavunjika, litateleza na kuonekana limeharibika. Usiongeze unga. Endelea tu, baada ya dakika tatu au nne litashikana tena.

Kwa mkono jumla ni dakika 12 hadi 15, kwa mashine dakika 8 kwa mwendo mdogo. Donge lililokandwa sawasawa ni laini kama ncha ya sikio, linashika kiganja kidogo lakini linaachia. Kata kipande kidogo, kivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili: kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga kabla ya kutoboka, umemaliza. Kikikatika mara moja, kanda dakika 3 nyingine. Ni hapo tu ndipo unatia zabibu na maganda. Ukizitia mwanzoni zinapondeka, sukari yake inasambaa, na donge linageuka rangi ya matope.

Zile mililita 20 za maziwa zilizokaa pembeni zitumie kama donge linajivuta kwa shida chini ya mkono. Wanaokanda chapati na mahamri wamezoea donge gumu zaidi ya hili, na mkono wao hukimbilia unga wenyewe. Jizuie. Ukiona linanata, paka mafuta kidogo mikononi na mezani.

Donge liumuke kwa muda gani?

Saa haiwezi kukujibu, donge lenyewe ndilo litakalokujibu. Donge hili limebeba sukari, siagi, viungo na zabibu, na kila kimoja kinaichelewesha hamira. Sukari huvuta maji ambayo hamira inayahitaji, siagi huzifunika punje za unga, viungo tumeshavitaja. Kwa hiyo linakwenda polepole kuliko la mkate mweupe, na anayelipa muda wa mkate mweupe anaingiza ovenini donge bichi.

Mara ya kwanza, lifunike bakulini mpaka likaribie kuwa mara mbili. Kwa nyuzi 30 hadi 32, kama Dar es Salaam au Mombasa mwezi Machi, ni dakika 50 hadi 70. Kwa nyuzi 20 hadi 22, kama Nairobi au Arusha siku za mvua, ni saa 2 hadi 2 na nusu. Jikoni kukiwa na baridi kama Mbeya au Limuru, weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji ya moto, ukibadilisha maji kila nusu saa. Usiweke bakuli juani wala juu ya jiko lenye makaa. Donge litapata joto upande mmoja na kuanza kunuka pombe upande huo huku katikati bado.

Chora mstari wa kalamu nje ya chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, pale donge lilipoanzia. Ni msaada mkubwa kuliko kukisia kwenye bakuli la bati.

Mara ya pili ni baada ya kuviringa, zikiwa kwenye trei: dakika 35 hadi 50 pwani, saa 1 hadi 1 na robo penye baridi. Hapa tumia kidole kilichopakwa unga. Bonyeza ubavuni kidogo. Shimo likirudi haraka na kufutika, bado. Likirudi taratibu na kuacha alama ndogo, washa oveni kama hujawasha, maana wakati ndio huo. Lisiporudi kabisa, zimepita. Ziingize mara moja bila kuchora msalaba mzito, kwa sababu uzito wake utazibonyeza.

Naweza kuacha donge lilale usiku?

Ndiyo, na ladha ya viungo inakuwa nzuri zaidi. Acha donge nje dakika 30 baada ya kukanda, kisha kwenye friji ya nyuzi 4 kwa saa 8 hadi 12, limefunikwa kwa plastiki iliyopakwa mafuta. Asubuhi likate na kuliviringa likiwa bado baridi, ni rahisi kulishika. Umuko wa pili utachukua saa 1 na nusu hadi 2. Anayetaka skonzi za moto Ijumaa Kuu saa mbili asubuhi akande Alhamisi saa mbili usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Kama umeme unakatika mara kwa mara kwenu, usiifanye njia hii na donge lenye yai. Likande na kulioka siku hiyo hiyo.

Nazipangaje kwenye trei?

Gawanya donge kwa mizani, vipande 12. Kila kimoja kunja kingo zake kuelekea katikati, geuza mshono chini, kisha kizungushe juu ya meza isiyo na unga ndani ya kiganja kilichojikunja. Meza ishike sehemu ya chini kidogo, ndivyo ngozi ya juu inavyokazika. Zabibu zilizochomoza juu zisukume ndani au zihamishie chini, vinginevyo zitaungua.

Zipange 3 kwa 4 kwenye trei ya sentimita 23 kwa 33 yenye karatasi ya kuokea, pengo la sentimita 1 hadi 2. Zikiumuka zitagusana, na kugusana huko kunazilazimisha kwenda juu na kuzipa ubavu laini wa kuchanika. Skonzi zilizoachwa mbalimbali hutoka bapa na kavu pembeni.

Msalaba wangu hupasuka, huyeyuka au haushiki. Kosa ni nini?

Rojo likiwa zito hupasuka, kwa sababu skonzi inatanuka ovenini nalo halitanuki. Likiwa jepesi humwagika kando. Koroga unga na maji mililita 70, tia mafuta, kisha ongeza maji kijiko kwa kijiko mpaka rojo likidondoka kutoka kwenye kijiko libaki limekaa juu kama utepe kwa sekunde tano kabla ya kuzama. Likoroge dakika nzima ili lisiwe na mabonge, maana bonge moja huziba tundu.

Tia kwenye mfuko mdogo wa plastiki wa chakula, kata ncha tundu la milimita 4 au 5. Chora baada ya umuko wa pili, dakika moja kabla ya kuingiza ovenini, mstari mmoja usiokatika kupitia safu nzima na kushuka kwenye mapengo, halafu mistari ya kukatiza. Ukichora skonzi moja moja misalaba haitalingana. Ukipaka yai juu ya skonzi, lipake kabla ya kuchora, la sivyo msalaba utakuwa wa kahawia. Sukari na maziwa kwenye rojo nayo hulibadilisha rangi, kwa hiyo ni maji matupu.

Wapo wanaochora kwa sukari ya unga baada ya kuoka. Unapendeza machoni, lakini skonzi hizi huliwa zikiwa zimepashwa, na msalaba wa sukari huyeyuka pale pale.

Oveni iwe na joto gani?

Nyuzi 200, au 180 kama ina feni, iliyowashwa dakika 20 kabla. Trei ikae katikati. Dakika 18 hadi 22 zinatosha. Kwa kipimajoto, katikati ya skonzi pawe na nyuzi 90. Bila kipimajoto, tenganisha mbili za katikati ya trei na utazame pale zilipogusana: pakionekana pabichi na panang'aa, rudisha dakika 3. Juu pakikolea mapema, dakika ya 12 hivi, laza karatasi ya foili bila kuibana.

Sina oveni. Jiko la mkaa linafaa?

Linafaa kabisa, kwa moto wa juu na chini kama wa mkate wa kumimina. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko bapa wa bati, pasha dakika 10, ndani weka vijiwe au kitako cha chuma ili trei ndogo isiguse chini. Makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini, theluthi mbili kwa theluthi moja. Skonzi zenye sukari huungua kitako upesi. Panga 5 au 6 kwa awamu, zinazosubiri zikae penye baridi. Usifunue kabla ya dakika 15. Kwa kawaida huiva kati ya dakika 20 na 28, kutegemea upepo na mkaa.

Shira ipakwe lini?

Skonzi zikitoka tu. Chemsha sukari na maji dakika 2 wakati skonzi zinamalizia kuiva, paka mara moja kwa brashi, subiri dakika moja, paka tena. Shira ya moto juu ya skonzi ya moto hukauka ikang'aa. Ukisubiri zipoe inabaki inanata vidoleni. Ukiichemsha dakika 5 inakuwa nzito na kuvutika. Jemu ya chungwa vijiko 3 vikubwa na maji kijiko 1, ikipashwa na kuchujwa, inafanya kazi ile ile na ina uchungu kidogo unaopatana na zabibu.

Zimetoka nzito kama mawe. Kwa nini?

Anza na umuko: kata moja katikati. Vitundu vidogo vilivyobanana na mstari mzito chini vinasema umuko wa pili ulikatishwa. Ubavu uliopasuka pia ni dalili hiyo hiyo. Kama donge halikupanda hata mara ya kwanza, tafuta kwenye hamira au maziwa ya moto. Kama lilipanda vizuri na bado skonzi ni nzito, unga ulizidi wakati wa kukanda.

Zilipanda vizuri, halafu zikashuka na kukunjamana juu.

Ziliumuka kupita kiasi, au hazikuiva katikati. Zikinuka pombe ni la kwanza. Zikiwa na unyevu mzito ndani ni la pili. Ziondoe pia kwenye trei baada ya dakika 5. Zikiachwa humo mvuke unalowesha kitako.

Nataka za Kwaresima, bila maziwa, mayai wala siagi.

Tumia tui la nazi. Tui zito mililita 150, maji mililita 160 (na 20 pembeni), mafuta kijiko 1 kikubwa, vingine vyote vibaki vilivyo. Tui la kukamua nyumbani lichemshe kidogo na ulipoze, vinginevyo huchacha kabla donge halijamaliza kuumuka. Skonzi hizi hupanda pungufu kidogo ya zile za yai, na ngozi yake ni nyeupe zaidi, kwa hiyo ziache dakika 2 zaidi ovenini. Kwa ladha, hapa iliki inaipita kungumanga.

Zinakaa siku ngapi, na nifanyeje zisikauke?

Siku 2 kwenye chombo kilichofungwa, mahali pa kivuli, baada ya kupoa kabisa. Friji huzikausha, kwa sababu wanga wa mkate hugandamana haraka zaidi kwenye ubaridi wa nyuzi 4. Za kukaa zaidi ziweke kwenye friza siku hiyo hiyo ya kuoka, zikiwa hazijapakwa shira. Zitadumu vizuri mwezi mmoja hadi miwili. Ziyeyuke mezani saa 2, zipashwe nyuzi 150 dakika 8, ndipo upake shira.

Ukitaka ulaini wa siku ya tatu, pika uji kwanza. Toa gramu 25 za unga na mililita 125 za maziwa kutoka kwenye vipimo vile vile, koroga kwenye moto mdogo mpaka uwe mzito na mwiko uache njia chini ya sufuria, nyuzi 65 hivi. Upoze kabisa, kisha uutie pamoja na maziwa yaliyobaki. Wanga uliopikwa hushika maji mengi na kuyaachia polepole. Katika njia hii zile mililita 20 za pembeni karibu kila mara zinaingia zote.

Naweza kupika nusu, au mara mbili?

Nusu ni rahisi: gawa kila kitu kwa mbili, yai lipige kisha upime gramu 25. Mara mbili ni kilo 2.4 za donge, nyingi mno kwa mashine nyingi za nyumbani na kwa oveni ndogo. Kanda madonge mawili tofauti kwa kupishana dakika 40, ili trei ya pili iwe tayari wakati ya kwanza inatoka.